Neno "Board": Ubao Uliozaa Maana Nyingi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya neno moja la Kiingereza, neno fupi ambalo kila aliyepita shuleni amelisikia, nalo ni "board". Mwanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni ubao, naye huridhika. Lakini huenda siku moja akapata barua ya kazi isemayo kwamba, pamoja na mshahara, atapewa "board". Akidhani ni ubao, ataikataa kazi njema kwa kuiona ya mzaha. Kumbe ameahidiwa chakula! Je, ubao umegeukaje kuwa chakula?

Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, waliuita ubao "bord". Katika kumbi za wakubwa wao, meza mara nyingi haikuwa kitu cha kukaa mahali pamoja daima. Mbao ziliwekwa juu ya miguu, watu wakala, kisha zikaondolewa. Basi meza yenyewe ikaitwa ubao, na baadaye chakula kilichoandaliwa juu yake kikarithi jina hilo. Ndiyo sababu shule ya bweni, ambako mtoto hulala na kulishwa, huitwa kwa Kiingereza "boarding school".

Juu ya meza hiyo hiyo watu walifanya mashauri. Kufikia karne ya 16, jina la meza lilikuwa limewapata wale walioizunguka, na hiyo ndiyo asili ya "bodi" ya wakurugenzi tunayoisikia hata katika Kiswahili. Kadhalika palikuwa na meza ya kuwekea vikombe, iliyoitwa "cupboard". Baadaye ikawa sanduku lenye milango, na jina lake lilipofika kwetu likawa kabati.

Sasa tutoke nyumbani twende baharini. Tangu kale neno hilo limechanganyika na jingine lililofanana nalo, lenye maana ya ukingo, au ubavu wa chombo. Kabla usukani haujafungwa katika tezi, vyombo vya Ulaya ya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavu wa kulia. Upande huo ukaitwa "starboard", yaani ubavu wa kuongozea. Na wa kushoto ukaja kuitwa "larboard". Hebu yatamkeni maneno hayo mawili kwa haraka! Upepo ukivuma na mawimbi yakipiga, nahodha aweza kutaja upande mmoja na mshika usukani akasikia mwingine, chombo kikaenda mwambani na watu wakaangamia. Kwa hiyo mwaka 1844 wakuu wa manowari za Uingereza waliamuru "larboard" liachwe, na mahali pake litumike neno "port". Neno lilikuwa la kale na la heshima, lakini maisha ya mabaharia yalikuwa na thamani zaidi.

Tusiwacheke Waingereza kwa kuubebesha ubao mmoja mizigo mingi namna hii. Sisi nasi tuna baraza. Hapo kwanza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, ambapo mwenyeji hupokea wageni. Kisha ni mkutano wa watu waliokaa hapo. Kisha ni wazee wenyewe wenye kutoa hukumu. Wao walianza na meza, sisi tulianza na kibaraza, na wote tumefika penye shauri.

Basi, neno ni kama mtu: ukitaka kulijua, uliza limetoka wapi, kisha tazama leo limeketi na nani. Likiketi karibu na mshahara, ni chakula. Likiketi karibu na wakurugenzi, ni wakubwa. Likiketi karibu na fundi seremala, ni ubao tu. Asomaye barua asikimbilie maana ya kwanza aliyofundishwa, asije akajikosesha riziki yake.