Mpelelezi, Jasusi na Kumbukumbu ya Ukombozi: Riwaya za Willy Gamba na Historia ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichoandikwa jina lake katika nyumba moja ya Oyster Bay, Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwamo kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwamo bomu lililomuua. Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Miaka mitano baadaye, East African Literature Bureau ilichapisha Kufa na Kupona (1974), riwaya ya A. E. Musiba. Humo nyaraka za siri za harakati za ukombozi zinaibwa, na mpelelezi wa Tanzania, Willy Gamba, anatumwa Nairobi kuziokoa. Katika riwaya, wahalifu wanajulikana na wanaadhibiwa. Makala haya yanadai kwamba mwachano huo kati ya kesi iliyobaki wazi na kisa kilichofungwa ndio unaozipa riwaya za Musiba thamani ya kihistoria. Hazituelezi matukio yalivyokuwa. Zinatueleza jinsi wasomaji wa wakati ule walivyotamani yaishe.

2.0 Kutoka Siri ya Ukoo hadi Siri ya Dola

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuanza na dola. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa ni mtu binafsi mwenye kiko na akili pevu, na fumbo analolifumbua limo ndani ya ukoo wa Kizanzibari. Kielelezo chake ni Sherlock Holmes, lakini uwanja wake ni mashamba, urithi na nasaba. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, uchunguzi unahamia mjini na mikononi mwa polisi, kwa Inspekta Wingo. Musiba anachukua hatua ya tatu: mpelelezi wake ni mtumishi wa idara ya siri, na kinachohatarishwa si mali ya ukoo wala usalama wa mtaa, bali uhuru wa bara zima.

Hatua hiyo ilikuwa na sababu yake katika historia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa mwaka 1963, na makao yake makuu yakawa Dar es Salaam. FRELIMO yenyewe ilikuwa imeasisiwa katika jiji hilo mwaka 1962. Vyama vya ukombozi kutoka Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini vilifungua ofisi humo. Silaha, fedha na wapiganaji vilipita bandarini na katika barabara za kwenda kusini. Mahali penye siri nyingi kiasi hicho hapakosi wazitafutao. Wasomaji wa Musiba hawakuhitaji kuelezwa kwa nini Ureno au makaburu wa Afrika Kusini wangetuma watu wao Dar es Salaam. Kikosi cha Kisasi (1979) ilipompeleka Gamba Kinshasa, ramani ya riwaya ilikuwa tayari imechorwa na siasa.

3.0 Mpelelezi na Jasusi

Lugha nayo ina ushahidi wake. Kiswahili hutumia neno moja, mpelelezi, kwa askari anayemtafuta mwizi na kwa mtu anayetumwa nchi ya adui kuchungulia. Maana hii ya pili ni kongwe: Biblia ya Kiswahili huwaita wapelelezi wale wawili waliotumwa Yeriko. Jasusi, neno lenye asili ya Kiarabu, aghalabu hubeba lawama: jasusi ni wa upande wa pili, ni mtu aliyejipenyeza. Katika mazungumzo ya mitaani Tanzania kuna pia shushushu, neno la kunong'onezwa, lenye mzaha na hofu kwa pamoja.

Uchaguzi wa neno mpelelezi kwa ajili ya Gamba kwa hiyo si wa bahati. Unampa uhalali wa askari anayetekeleza sheria, ilhali kazi anayoifanya nje ya mipaka ya nchi yake ni ya ujasusi. Riwaya inarithi kwa Bwana Msa na Inspekta Wingo imani kwamba anayepeleleza anatafuta ukweli, kisha inaihamishia imani hiyo kwa dola.

4.0 Riwaya na Faili

Wahakiki wamezoea kumlinganisha Gamba na James Bond, na mfanano upo: bastola, hoteli za kifahari, wanawake warembo. Hata hivyo, Ian Fleming, aliyepata kutumika katika ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, alimbuni Bond katika Casino Royale (1953) wakati himaya ya Uingereza ikipungua. Gamba ni mtumishi wa dola changa inayojitanua kwa wajibu, si kwa makoloni. Ulinganisho wenye manufaa zaidi ni na John le Carré, ambaye naye alipata kuwa afisa wa ujasusi. Katika The Spy Who Came in from the Cold (1963), jasusi anagundua kwamba waliomdanganya ni wakubwa wake mwenyewe. Kwa Musiba, uaminifu kati ya Gamba na Chifu ndio nguzo inayoshikilia kisa kizima. Ikianguka, kisa nacho kinaanguka.

Historia halisi haikuwa na nguzo imara kiasi hicho. Amílcar Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973 na watu wa chama chake mwenyewe, PAIGC. Baada ya kifo cha Mondlane, Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno mwaka huohuo wa 1969. Adui wa nje na mpasuko wa ndani vilikutana, na hadi leo si rahisi kuvitenganisha. Musiba anawajua wasaliti, lakini usaliti wao hufikia mwisho pamoja na ukurasa wa mwisho.

Hapa ndipo suala la lugha linaporudi. Kumbukumbu za polisi wa siri wa Ureno, PIDE, zimehifadhiwa Torre do Tombo, Lisbon, kwa Kireno. Mkusanyo mkubwa wa Mradi wa Hashim Mbita kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika ulitoka mwaka 2014 katika juzuu 9, na lugha yake kuu ni Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980 alikuwa na Gamba. Riwaya ilishika nafasi ya faili.

5.0 Hitimisho

Kuziita riwaya hizi fasihi pendwa na kuziacha hapo ni kupoteza ushahidi. Kuzisoma kama historia ya ujasusi ni kuukosea. Mwanafunzi anayetaka kuujua ujasusi wa Dar es Salaam na asome Kufa na Kupona sambamba na kumbukumbu za kifo cha Mondlane, akiuliza kila mara riwaya inafunga nini ambacho faili imeshindwa kukifunga. Jiji lililopoteza kiongozi kwa bomu la kitabu lilijiandikia vitabu ambamo bomu linateguliwa kwa wakati. Hamu hiyo nayo ni sehemu ya historia ya ukombozi, na imeandikwa kwa Kiswahili.