Jedwali la mwaka 1977 linaloamua diski yako ibebe nini

Video ya harusi imekamilika, ina GB 6, na flashi aliyoleta mteja ina nafasi ya GB 64. Kompyuta inagoma kunakili: faili ni kubwa mno. Mafundi wa studio wamelizoea tatizo hili, ila asili yake iko Marekani, karibu nusu karne nyuma.

Mwaka 1977 Marc McDonald, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa Microsoft, alibuni njia nyepesi ya kupanga mafaili kwenye disketi. Nafasi yote inakatwa vipande vidogo, na jedwali moja linaonyesha faili likitoka kipande hiki linaendelea kipande gani. Jedwali hilo ndilo FAT. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alilichukua wazo hilo alipoandika mfumo wake wa uendeshaji mwaka 1980. Microsoft ikaununua mfumo huo, na kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ikaupeleka kila mahali.

Ndani ya FAT, kila faili lina maelezo ya baiti 32. Baiti 11 za mwanzo ni za jina: herufi nane, kisha tatu za aina ya faili. Ukilifuta faili, herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa kuwa alama maalumu na vipande vyake huhesabiwa kuwa vitupu, lakini data yenyewe hubaki hadi iandikwe nyingine juu yake. Ndiyo maana fundi huweza kufufua picha zilizofutwa. Baiti 4 za mwisho hubeba ukubwa wa faili, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 4,294,967,295. Huo ndio mpaka wa GB 4. FAT32, iliyokuja mwaka 1996 na toleo lililoboreshwa la Windows 95, ilipanua ukubwa wa diski, lakini baiti hizo nne haikuzigusa.

Kikwazo kingine kilitokana na uamuzi wa mtu mmoja. FAT32 inaweza kufika TB 2, lakini kwa miaka mingi Windows ilikataa kufomati FAT32 inayozidi GB 32. Dave Plummer, aliyeandika dirisha la kufomati la Windows NT, ameeleza kwamba kiwango hicho alikichagua mwenyewe, akidhani dirisha lile lingetumika kwa muda tu. Microsoft ilianza kujaribu kukiondoa mwaka 2024, tena kwenye mstari wa amri pekee.

Tangu 1993 Windows NT ilikuwa na njia nyingine ya kupanga mafaili, NTFS, ambayo huandika kwanza kumbukumbu ya mabadiliko inayotaka kuyafanya kwenye mpangilio wa diski, ili umeme ukikatika katikati ijue pa kuanzia kurekebisha. Kwa diski ya akiba ya mtumiaji wa Windows, sioni sababu ya kuikwepa. Lakini kompyuta za Apple huisoma bila kuiandika, na Windows nayo, bila programu ya ziada, haisomi APFS, mpangilio wa Apple wa mwaka 2017. Kila kampuni ilijenga ukuta wake, na aliyeumia ni mwenye mafaili.

Mwaka 2006 ikaja exFAT, iliyotengenezwa kwa ajili ya flashi na kadi, isiyo na mpaka wa GB 4. Mwaka 2009 ilifanywa kiwango rasmi cha kadi za SDXC, zile zinazozidi GB 32, na mwaka 2010 Apple ikaipokea. Hata hivyo ilibaki chini ya hataza za Microsoft. Kadi za kamera za dunia nzima zilitegemea mpangilio ambao maelezo yake kamili hayakuwa wazi kwa umma. Hilo halikuwa haki, na lilidumu hadi Agosti 2019, Microsoft ilipochapisha maelezo hayo na kuruhusu exFAT iingie ndani ya Linux.

Leo exFAT ndiyo inayofaa diski inayozunguka kati ya Windows, Mac na Linux, mradi usiichomoe wakati inaandika, kwa kuwa haina kinga ile ya NTFS. Redio ya gari au runinga ya zamani mara nyingi bado hudai FAT32. Kuhama kuna masharti: amri ya convert ya Windows huigeuza FAT32 kuwa NTFS bila kupoteza data, lakini hairudi nyuma, wala exFAT haiishughulikii. Anayetaka kuhamia exFAT hana budi kunakili kila kitu kwenye diski nyingine, afungue mafaili kadhaa kuhakikisha yako salama, ndipo afomati.