Peni Moja kwa Saa: Redio ya Sufuria na Hesabu ya Nyumbani

Mtu akitaka kujua kama chombo cha elektroniki kinafaa kununuliwa kwa matumizi ya nyumbani, kwa kawaida huanza na bei ya dukani. Insha hii inalihamishia swali hilo kwenye saa ambazo chombo kinatumika. Mfano wangu ni redio iliyoanza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949. Hesabu yake imebaki wazi, jambo ambalo ni nadra kwa vyombo vya nyumbani vya zamani hizo. Tena, kwetu Lubumbashi, Ndola iko karibu kuliko Kinshasa, ingawa ukisoma historia ya utangazaji ya pande zetu utadhani mpaka ule ni bahari.

Stesheni ya Lusaka ilianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, ikiwa chini ya Idara ya Habari. Mkuu wa idara hiyo, Harry Franklin, aliona kwamba kutangaza kwa lugha za Waafrika hakuna maana ikiwa Waafrika wenyewe hawana cha kusikilizia. Redio za wakati ule zilikuwa ghali na zilitengenezwa kwa nyumba zenye umeme. Kwa miaka kadhaa Franklin aliwasihi watengenezaji wa Uingereza waunde redio ndogo ya masafa mafupi inayotumia betri, na wengi hawakuamini kwamba kuna soko. Kampuni ya Ever Ready ndiyo iliyokubali. Redio ya majaribio ilifungwa ndani ya sufuria ya alumini yenye upana wa inchi 9, na kutoka hapo jina likazaliwa: Saucepan Special. Ilipakwa rangi ya buluu. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa kama 1,500, na miaka iliyofuata zikafika makumi ya maelfu.

Ilisifiwa kuwa redio ya mtu maskini. Tuitazame sifa hiyo kwa hesabu. Redio yenyewe iliuzwa pauni 5, ambazo kwa kibarua wa kawaida zilizidi mshahara wa mwezi mzima. Betri ilinunuliwa mbali kwa pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu saa 300 hivi. Shilingi 25 za wakati ule ni peni 300. Kwa hiyo kila saa ya kusikiliza iligharimu peni moja kamili, kana kwamba kuna mtu amekaa mlangoni anakusanya kiingilio. Familia iliyosikiliza saa tatu kila jioni ilimaliza betri kwa siku 100. Kwa mwaka mzima ililipa karibu pauni 4 na nusu, yaani inakaribia kununua redio nyingine kila mwaka.

Ndiyo maana naona takwimu za mauzo, ambazo tunapenda sana kuzinukuu, zinatudanganya kidogo. Zinatueleza ni watu wangapi waliweza kulipa pauni 5 mara moja. Hazituelezi ni redio ngapi zilikaa kimya juu ya kabati zikingoja mwisho wa mwezi.

Kwa nini basi watu walinunua? Jibu la kwanza ni kwamba peni ile haikulipiwa sikio moja. Redio ilipofunguliwa, majirani walikuja na vigoda vyao, na watu kumi wakisikiliza kwa saa moja, gharama ya kila mmoja ilikuwa sehemu ya kumi ya peni. Kilichoonekana kama anasa ya mtu mmoja kikawa chombo cha ua mzima, japo betri ilitoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Heshima aliyoipata haimo katika hesabu yangu, lakini yeye bila shaka aliihesabu. Jibu la pili ni kilichosikika. Lusaka ilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na lugha nyingine, na ilirekodi muziki wa wenyeji. Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki, aliimba mambo ya mjini ambayo wasikilizaji wake waliyaishi. Redio bora zaidi inayosema Kiingereza tu ingekuwa hasara kwao hata kama ingetolewa bure.

Hapo ndipo mwaka 1953 unapokuwa na uzito. Serikali ya kikoloni iliunda Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na Waafrika wengi wa Kaskazini walilipinga kwa kuhofia ardhi yao na utawala wa walowezi wa Kusini. Stesheni waliyoizoea ilikuwa chombo cha serikali, na wasikilizaji wengi wakaanza kuishuku. Sufuria ilikuwa ileile, na betri ilikuwa ileile. Lakini mtu anayelipa peni kwa saa asikilize habari asizoziamini amepandishiwa bei, hata kama dukani hakuna kilichobadilika. Wanaoeleza historia ya redio kama historia ya mitambo hupita hapa haraka mno.

Upande wa pili wa mpaka mwingine, Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia njia ileile ya redio moja kwa watu wengi. Watu wapatao milioni mbili walisikiliza vipindi katika vikundi, kisha wakajadili na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Tofauti ni kwamba huko kukusanyika kulipangwa, ilhali uani kwa mwenye sufuria watu walikusanyika wenyewe.

Kilichobadilisha hesabu hatimaye ni tranzista. Redio ya sufuria ilitumia valvu, vioo vidogo ambavyo lazima vipate moto kwanza, na moto huo ndio uliokula betri. Tranzista haikuhitaji moto huo. Redio zake zilipoenea katika miaka ya 1960, zilitosheka na mawe madogo kama ya tochi, yanayouzwa mojamoja kwenye duka la mtaani. Mtu hakulazimika tena kuweka akiba ya shilingi 25. Alinunua mawe mawili leo, na yakianza kuchoka aliyaanika juani apate jioni moja zaidi.