Hina Haina Weusi: Historia ya Rangi Mbili Mikononi mwa Bibi Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, swali linalorudi kila mara ni hili: nipake hina tupu, au nitiwe na piko? Wengi tunaona ni mambo ya jamii moja, nyekundu na nyeusi, kama nyuzi za rangi mbili katika dira moja. Lakini ukifuatilia historia utakuta ni vitu viwili visivyo na udugu wowote. Kimoja ni jani, na kina maelfu ya miaka mikononi mwa wanawake. Cha pili kilizaliwa katika maabara za Ulaya karne ya 19, kutokana na lami ya makaa ya mawe, na hakikukusudiwa ngozi ya bibi harusi. Leo tuzifuate rangi hizi mbili tangu zilikotoka, kwani ukijua asili ya kitu ndipo unapojua pa kukiweka.

Jani

Mhina ni mti mdogo unaopenda jua kali na ardhi kavu. Unaota Afrika Kaskazini, Sudan, Yemen, Iran, Pakistan na India, na huku kwetu pwani wako walioupanda majumbani. Wataalamu wa mimea wanauita Lawsonia inermis. Watu wa Misri ya kale waliujua. Maiti iliyokaushwa ya Firauni Ramesses II, aliyefariki mwaka 1213 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ilipochunguzwa Paris mwaka 1976 ilionekana kuwa nywele zake zilitiwa hina.

Katika Uislamu hina ina heshima yake. Siku ya kufunguliwa Makka, mzee Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) nywele na ndevu zake zikiwa nyeupe pepe. Mtume akaamrisha zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe. Hadithi hii ameipokea Muslim. Katika hadithi nyingine, hina na mmea uitwao katam vimetajwa kuwa ndivyo bora vya kubadilishia mvi. Hadithi hizi zinazungumzia nywele, na juu ya weusi wanachuoni wana maelezo marefu ambayo tunawaachia wenyewe. Tunachokipata hapa ni kuwa hina ilikuwa ikijulikana na kukubalika tangu zama hizo.

Kwa nini hina inashika

Ndani ya jani la mhina mna dutu ya rangi iitwayo lawsoni. Ni kidogo tu, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa jani kavu. Jani likikauka lawsoni imejificha ndani, ndiyo maana ukishika jani zima mkono hautoki rangi. Lazima lisagwe, lilowekwe, na lipewe muda. Bibi zetu waliotia ndimu kwenye hina walikuwa wakifanya kemia bila ya kuiita hivyo: asidi ya ndimu husaidia rangi itoke polepole bila ya kuharibika upesi.

Rangi ikishatoka, huingia kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwishakufa, na kufungana na protini iitwayo keratini. Keratini ndiyo iliyojenga pia kucha na nywele. Viganja na nyayo zina tabaka nene la seli hizo, ndiyo maana hina hukoza zaidi hapo kuliko juu ya mkono. Ukiibandua inakuwa ya chungwa. Baada ya siku moja au mbili, hewa ikishaifanyia kazi, inageuka nyekundu ya kahawia. Kisha inafifia kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu ngozi yenyewe inajivua.

Hapo utaona pia kwa nini hina haizuii udhu. Hina ni rangi iliyonyonywa na ngozi. Ukishabandua tope lake hakuna tabaka lililobaki juu, na maji yanafika. Rangi ya kucha ya kwenye chupa ni tabaka hasa, na maji hayapenyi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba wanawake wao walikuwa wakipaka hina usiku, na asubuhi wakiibandua, wakatawadha na kusali. Usiku mmoja baina ya Isha na Alfajiri ni saa nyingi za kutosha kwa jani kutoa rangi yake yote.

Lakini katika maelezo yote haya hakuna weusi. Lawsoni haina uwezo wa kuwa nyeusi kama wino, uitie ndimu, chai, karafuu au chochote. Waliotaka nywele nyeusi zamani walipaka hina kwanza, kisha mnili juu yake. Basi huu weusi tii tunaouona mikononi leo umetoka wapi?

Rangi ya makaa ya mawe

Turudi London, mwaka 1856. Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa kutumia vitu vilivyotolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Dawa haikupatikana. Kilichobaki chupani kilikuwa uchafu uliotoa rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Perkin akafungua kiwanda, na biashara ya rangi za vitambaa ikageuka dunia nzima. Sisi mafundi cherehani hadi leo tunashona matunda ya chupa ile.

Wakemia wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Mwalimu wa Perkin, August Wilhelm von Hofmann, ni miongoni mwa waliozichunguza dutu hizi, na katika miaka hiyo ya 1860 ikajulikana dutu iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Kufikia miaka ya 1880 iligunduliwa kuwa inaweza kutia weusi manyoya ya wanyama na nywele za watu. Mwaka 1907 mkemia wa Paris, Eugène Schueller, alianza kuwauzia wasusi rangi za nywele za maabara, na mwaka 1909 akaandikisha kampuni ambayo baadaye ikawa L'Oréal. Jina la mwanzo la kampuni hiyo kwa Kifaransa lilikuwa na maana ya rangi za nywele zisizo na madhara. Neno hilo lisingewekwa kwenye jina kama wateja wasingekuwa na hofu ya madhara.

PPD inafanya kazi hivi. Yenyewe haina rangi ya kutajika, na molekuli zake ni ndogo sana. Inachanganywa na dawa yenye oksijeni, kwa kawaida haidrojeni peroksaidi. Molekuli ndogo zinaingia ndani ya unywele, zinakutana na oksijeni, zinaungana kuwa kubwa na nyeusi, na haziwezi tena kutoka. Kwenye unywele, ambao hauna uhai, ni ufundi mkubwa. Kwenye ngozi hai ni habari nyingine, kwani zile molekuli ndogo zinapenya kabla hazijamaliza kuungana.

Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1933 iliuzwa huko rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure, iliyokuwa na dutu ya jamii hii. Wanawake waliumia macho, wako waliopofuka, na mmoja alifariki. Serikali haikuwa na sheria ya kuizuia, kwa kuwa vipodozi havikuguswa na sheria ya wakati ule. Maumivu ya wanawake wale ni moja ya sababu zilizoleta sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938, na Lash Lure ikawa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kukamatwa.

Ilivyofika kwenye hina

Unga mweusi wa nywele ulipoenea madukani, watu waligundua kuwa ukikorogwa na kupakwa ngozini unatoa weusi wa haraka. Sudan wanawake waliichanganya PPD na hina ili ikoze upesi. Mwaka 1983 madaktari waliandika katika jarida la Lancet juu ya sumu ya dutu hii mwilini. Ikiingia kwa wingi, hasa ikimezwa, uso na shingo huvimba, pumzi hubana na figo hufeli. Watoto wa Khartoum pia walipatwa. Watalii nao, waliochorwa "hina nyeusi" kwenye fukwe za nchi mbalimbali, wamerudi makwao na malengelenge yenye umbo la ua lile lile walilochorwa.

Kwetu visiwani jina lake ni piko. Haiitwi rangi ya nywele, na hapo ndipo penye mtego, kwani jina limekaa karibu na hina hadi tumeona ni ndugu. Sheria za Ulaya zinaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na haziiruhusu kabisa kupakwa ngozini. Mchoraji anayekoroga unga kibakulini hana kipimo chochote, na rangi ya nywele huoshwa baada ya nusu saa wakati ua la mkononi huachwa likauke.

Usiseme "mbona nilipaka mwaka jana na sikudhurika." Mzio wa PPD unakwenda kwa hatua. Mara ya kwanza kinga ya mwili inaweza kuiona tu na kuiweka kwenye kumbukumbu. Mara ya pili au ya tano, baada ya siku moja hadi tatu, ngozi inawasha, inavimba na kutoa malengelenge. Jeraha likipona linaweza kuacha alama nyeusi au nyeupe. Na mzio ukishaingia ni wa maisha: rangi yoyote ya nywele inaweza kukudhuru baadaye, pamoja na baadhi ya dawa za ganzi na hata rangi za baadhi ya vitambaa vyeusi.

Bibi harusi afanyeje

Najua piko inapendeza kwenye picha, na najua wapambaji wetu wanatafuta riziki ya halali na wateja ndio wanaoitaka. Silaumu mtu. Ila dini yetu imetufundisha kutodhuru wala kudhuriwa, na msingi huu hauna khitilafu.

Muulize mpambaji wako mapema: ndani ya koni mna nini? Hina ya kweli ni tope la kijani au kahawia, inanuka majani makavu, inataka saa nyingi, na ikibanduliwa ni ya chungwa. Ikitoa weusi tii ndani ya saa moja, hiyo si hina, hata kama kwenye paketi imeandikwa hivyo. Na isiwe imetiwa petroli.

Paka siku mbili kabla ya harusi, baada ya Isha, ulale nayo. Koni zilizosagwa na kukorogwa karibuni zinakoza kuliko zilizokaa dukani miezi. Ukipenda, pasha mkono joto kidogo juu ya mvuke wa karafuu kama wafanyavyo wazee. Siku ya akdi itakuwa imefikia wekundu wake wa mwisho, na mikono yako itakuwa mizima.

Na kama umeshawahi kupaka piko ukawashwa, mwambie msusi na mwambie daktari, na usiiguse tena. Mfikishie na mwari mwengine unayemjua.

Allah awabariki maharusi wetu wote, awape ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.