Samsoni: Anguko la Shujaa na Ushahidi wa Magofu
Samsoni ni mwamuzi wa Israeli anayesimuliwa katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13 hadi 16. Alikuwa mnadhiri, aliyewekwa wakfu kwa Mungu tangu tumboni mwa mamaye. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi Delila, kila mmoja, vipande 1,100 vya fedha ili aipeleleze siri ya nguvu zake. Mara tatu Delila alijaribu kumtia mikononi mwa adui, na mara tatu Samsoni hakuondoka. Hatimaye aliitoa siri, akanyolewa, akang'olewa macho na kufungwa Gaza.

Je, hekalu laweza kuanguka kwa kusukumwa nguzo mbili? Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Amihai Mazar alifukua hekalu la Wafilisti huko Tell Qasile, Tel Aviv, ambalo paa lake lilibebwa na nguzo mbili za mbao. Hata hivyo, paa dogo namna ile lisingeweza kubeba watu 3,000 wanaotajwa katika simulizi. Magofu hayo yanathibitisha mtindo wa ujenzi, wala si tukio lenyewe.

Funzo, hata hivyo, halingoji ushahidi wa mawe. Kabla ya wembe kumfikia, Samsoni alikwisha kuonywa mara tatu.