Kufukuzwa nyumbani: Jinsi faili mbili zinavyomfichua mtoto

Mwenye nyumba anapomshtaki mpangaji kwa kutolipa kodi, karatasi za mahakama hutaja jina la mtu mzima aliyetia sahihi mkataba. Watoto wanaolala katika nyumba hiyo hawatajwi. Nayo kadi ya kliniki huonyesha uzani wa mtoto na chanjo alizopata, lakini haisemi kwamba wiki iliyotangulia vyombo vya mamake vilitupwa nje. Mtoto huyo yumo katika faili mbili zisizojuana.

Nchini Marekani, watafiti wamejaribu kuzikutanisha faili hizo. Mnamo 2021, jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti wa Gracie Himmelstein na Matthew Desmond, ambao walichukua kesi za kufukuza wapangaji katika jimbo la Georgia kati ya 2000 na 2016, wakaziunganisha na kumbukumbu za vizazi za jimbo hilo. Walichunguza watoto zaidi ya 88,000.

Ugumu ulikuwa kujua kinachomdhuru mtoto ni nini hasa: ni kufukuzwa au ni umaskini uliokuwapo tangu awali? Mama anayefukuzwa huwa maskini kabla ya siku hiyo, na kumlinganisha na mama mwenye nyumba yake kungezaa jibu la upotofu. Kwa hivyo, watafiti hao waliwalinganisha akina mama waliofukuzwa wakiwa wajawazito na wenzao waliofukuzwa wakati mwingine. Wote walikuwa wameonja masaibu yale yale. Tofauti ilikuwa wakati.

Ilibainika kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa kesi walizaliwa na uzani uliopungua kwa takriban gramu 27, na visa vya kuzaliwa kabla ya siku kutimia viliongezeka kwa zaidi ya asilimia moja. Athari ilikuwa kubwa zaidi mimba ilipopita miezi mitatu ya kwanza. Gramu 27 ni kidogo mkononi, lakini huo ni wastani, na nyuma ya wastani wamo watoto walioumia zaidi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2023, uliunganisha mamilioni ya kesi za aina hiyo na kumbukumbu za sensa ili kujua ni akina nani hasa waliokuwa ndani ya nyumba hizo. Ulikadiria kwamba watoto milioni 2.9 hukabiliwa na tishio la kufukuzwa kila mwaka nchini humo, walio hatarini zaidi wakiwa wale wasiofikisha miaka mitano.

Kazi hii ina hatari zake. Pasipo nambari moja inayotumika mahakamani na hospitalini, kompyuta hulinganisha majina, anwani na tarehe, na jina likiandikwa visivyo mtu hupotea au hupachikwa maisha ya mwingine. Aidha, orodha inayoonyesha nani alifukuzwa na nani anaugua ikimfikia mwenye nyumba, familia huenda isipate makao tena. Ndiyo maana majina huondolewa kabla ya uchambuzi. Hapa Kenya, Sheria ya Ulindaji wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti na hudai idhini ya mzazi kwa data ya mtoto.

Lakini kwetu faili ya kwanza mara nyingi haipo. Matingatinga yalipoingia Mukuru kwa Njenga mwaka wa 2021, na kando ya mito ya Nairobi baada ya mafuriko ya 2024, maelfu waliondolewa bila kila familia kuwa na kesi yake mahakamani. Kilicho karibu zaidi na kumbukumbu kama hizo ni mradi ulioanzishwa 2002 na kituo cha utafiti cha APHRC katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambapo wahojiwa walitembelewa mara kwa mara na vizazi, vifo na kuhama vikaandikwa. Hata huko, familia iliyoondoka mtaani iliandikwa tu kuwa imehama, na habari za mtoto wake zikakomea hapo.