Kaniki, Kanga na Buibui

Wako watu wanaolizungumzia vazi la mwanamke wa pwani kana kwamba ni moja tangu enzi na enzi, halina tarehe wala mabadiliko. Historia haiwaungi mkono. Katikati ya karne ya 19, mtu aliyesimama njiani katika mji wa Unguja aliweza kuitambua hali ya mwanamke kabla hajafumbua kinywa: huyu ni mtumwa, huyu ni mwungwana, yule ni wa nyumba ya Kiarabu. Nguo ilikuwa cheti. Kwa hiyo tukitaka kujua jinsi wanyonge walivyojikomboa hatuna budi kuzisoma nguo zao pamoja na sheria.

Tuanze na merikani. Kitambaa hiki cha pamba, kigumu na kisichopaushwa, kililetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, na jina lake lakumbusha kilikotoka. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na kwa miaka mingi baadaye merikani haikuwa nguo tu, bali huko bara ilikuwa fedha. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba majora kwa majora, kwa kuwa chakula, ruhusa ya kupita na pembe za ndovu vililipiwa kwa nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoikatiza bidhaa hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi yake, lakini jina likabaki lile lile. Wagiriama nao waliichukua nguo ya pamba nyeupe wakaikunjakunja marinda mengi, ikawa hando, sketi fupi nene ambayo hakuna mfanyabiashara wa Salem aliyeiwazia.

Mjini Unguja, mwanamke mtumwa alipewa merikani, au merikani iliyotiwa nili ikawa nyeusi, yaani kaniki. Aliifunga chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Uwazi huo wa kichwa haukuwa upendeleo wake. Kujitanda kulikuwa dalili ya uungwana, na mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujitia dalili asiyokuwa nayo. Wakati huo huo mabibi wa nyumba kubwa walivaa suruali za marinda, kanzu za hariri, na barakoa usoni. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1886, ametueleza mavazi ya nyumba yao. Waliovaa kaniki hawakuandika kitabu.

(Tusiidharau kaniki yenyewe, lakini. Katika sehemu nyingi za bara nguo hiyo hiyo nyeusi ilipanda cheo ikawa vazi la waganga na la matambiko.)

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya mambo hayo yalifika mwaka 1907. Hizo ni karatasi za serikali. Karatasi humwambia mtu kuwa ni huru, lakini jirani hamwoni karatasi, humwona nguo. Waliokuwa watumwa walilijua hilo vema, wakaiacha kaniki wakaenda dukani kununua leso.

Neno leso ni la Kireno, na mwanzoni lilikuwa jina la vitambaa vya mraba vilivyopigwa chapa. Wanawake walinunua vipande sita, wakavishona vitatu kwa vitatu, pande mbili, ikapatikana nguo moja pana yenye nakshi. Unguja hudai ubunifu huo ni wake na Mombasa hudai ni wake. Sisi hatuamui kesi hiyo, ila twaona kwamba Mombasa hata leo huiita leso. Wafanyabiashara walipoona soko wakaagiza nguo hiyo ichapwe nzima, na kwa madoa yake meupe yaliyofanana na manyoya ya ndege, ikaitwa kanga. Huuzwa doti, yaani mbili kwa pamoja: moja ya kiunoni, moja ya kujitanda. Hapo ndipo penye jambo kubwa. Ile ya pili ndiyo iliyofunika kichwa kilichokatazwa kufunikwa.

Mashine za kuchapa zilikuwa Uingereza, Uholanzi na India, lakini hukumu ilikuwa ya wanawake. Kanga isiyopendwa ililala dukani, na mwenye duka akala hasara. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa kuwa alieneza mtindo wa kuandika jina juu ya kanga. Kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Kwa jina hilo mke mwenza hujibiwa, jirani husutwa, mume huombwa radhi, na msemaji hajatamka neno. Sisi tunaoshughulika na ushairi twaona wivu: beti zetu hazivaliwi.

Alizaliwa Fumba, wakati huo, mtoto aliyeitwa Mtumwa. Alikuja mjini akauza vyungu, akajifunza kuimba, akapewa jina la Siti, na mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Jina lilibadilika kama nguo za wenzake zilivyobadilika.

Mombasa na Lamu, mabibi wa kale walipotoka walifunikwa kwa shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, kilichoshikwa na watumwa wao. Utumwa ulipokwisha, nani atashika? Likaja buibui jeusi kutoka Hadhramaut, ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe na kutembea peke yake. Mara likavaliwa pia na mabinti wa wale waliokuwa wakiishika shiraa, na njiani hapakuwa tena na wa kuwatofautisha.

Baada ya Uhuru, wanaume wa mikutanoni walijipa kazi ya kupima sketi. Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku, kuanzia Januari 1969, sketi fupi na mawigi mjini Dar es Salaam, na magazeti yakajaa mabishano. Kwa maoni yetu, kazi bora zaidi ya miaka hiyo ilifanyika Ubungo, ambako kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza mwaka 1968, kanga zikachapwa nyumbani.

Gauni, kitenge na mitumba vina historia zake. Siku hizi dera limeenea mitaani, na buibui la kamba limeachwa na vijana kwa ajili ya lile la mikono lenye mtindo wa Ghuba. Kanga nyingi madukani zinatoka India. Mnunuzi huikunjua doti, hutazama pindo, hutazama mji, kisha huinama kusoma jina, na jina hilo limeandikwa kwa Kiswahili.